Cosgrave Aliondoka: Tuachane na Kisingizio cha "Nchi Ilikuwa Changa"



Kila mjadala wa siasa za kwetu ukipamba moto, iwe hapa London au kule nyumbani, lazima atokee mtu mzima mmoja aufunge kwa maneno matatu tu: nchi ilikuwa changa. Ukiuliza kwa nini Tanganyika ilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini mwaka 1962, uhuru haujatimiza hata mwaka, unaambiwa nchi ilikuwa changa. Ukiuliza kwa nini mwaka 1965 chama kimoja kikawa ndiyo sheria, nchi ilikuwa changa. Ukiuliza leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, kwa nini mpinzani anashtakiwa kwa uhaini na uchaguzi unaisha kwa asilimia 97, jibu ni lile lile limebadilishwa kanzu: demokrasia yetu bado changa, Ulaya iliwachukua karne nzima.

Sasa mimi naomba nilete mfano mmoja ambao kisingizio hicho hakiwezi kuuruka. Sileti Marekani wala Ufaransa. Naleta Ireland, nchi iliyotawaliwa na Mwingereza huyu huyu, kwa karne nyingi kuliko sisi, ikanyang'anywa ardhi kama sisi, ikadharauliwa lugha yake kama sisi. Tunafanya nao kazi wodini kila siku, tunawauguza wazee wao, lakini historia yao hatuisomi. Tungeisoma, baadhi ya hotuba tunazopigiwa makofi tungezionea aibu.

UCHANGA WA KWELI ULIKUWAJE

Mkataba wa uhuru wao ulisainiwa hapa hapa London, Downing Street, usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba 1921. Upande wa Ireland ujumbe uliongozwa na Arthur Griffith na Michael Collins. Upande wa pili alikaa Lloyd George, na Churchill yumo. Mkataba uliwapa serikali yao wenyewe lakini si jamhuri kamili: wabunge wangekula kiapo cha uaminifu kwa mfalme wa Uingereza, na kaskazini ingebaki na wakubwa.

Bunge lao, Dáil, lilijadili kwa uchungu, na tarehe 7 Januari 1922 likapitisha mkataba kwa kura 64 dhidi ya 57. Éamon de Valera, aliyekuwa rais wao, akakataa na akatoka. Ilipofika tarehe 28 Juni, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Dublin. Watu waliokuwa handaki moja dhidi ya Mwingereza wakageuziana bunduki.

Tazameni ukubwa wa msiba. Griffith alifariki tarehe 12 Agosti 1922. Siku kumi baadaye Collins akauawa kwa kuviziwa, ana miaka 31. Serikali ikaangukia mikononi mwa William T. Cosgrave, mtu mpole wa Dublin ambaye hakuna aliyemtegemea kuwa kiongozi wa taifa. Na huyo mpole alinyonga na kupiga risasi. Hesabu inayotajwa siku zote ni watu 77 waliouawa kwa amri ya dola kati ya Novemba 1922 na Mei 1923. Asubuhi ya tarehe 8 Desemba 1922 walitolewa wafungwa wanne wakapigwa risasi bila kesi yoyote, kulipiza kuuawa kwa mbunge mmoja. Mmoja wao, Rory O'Connor, alikuwa ndiye msimamizi kwenye harusi ya waziri Kevin O'Higgins mwaka mmoja tu nyuma. Na O'Higgins ni mmoja wa mawaziri walioridhia auawe.

Sitaki mtu anisome vibaya: hiyo ilikuwa dhambi, na Wairishi wenyewe wanaijua ni dhambi. Nimeieleza ili tukubaliane kitu kimoja kabla hatujaendelea. Kama kuna nchi iliyokuwa na haki ya kusema "sisi ni wachanga, tuna maadui, upinzani usubiri," ni hiyo. Upinzani wao ulikuwa na bunduki. Ulichoma nyumba, ulivunja madaraja, uliua wabunge.

WALIFANYA NINI NA UPINZANI HUO

Vita viliisha Mei 1923. Agosti 1923, miezi mitatu baadaye, ukafanyika uchaguzi mkuu. Chama cha waliopigana na serikali, Sinn Féin, kiliruhusiwa kugombea ilhali maelfu ya watu wake wako jela. De Valera mwenyewe alikamatwa akiwa jukwaani kwenye kampeni. Kilipata viti 44. Chama cha Cosgrave, Cumann na nGaedheal, kilipata 63 katika bunge la viti 153. Hakuna aliyetangaza asilimia 97. Ndiyo kwanza wameshinda vita, serikali imeshika jeshi, polisi na jela, na bado hawakupata hata nusu ya viti, wakakubali.

Mwaka 1924 maofisa wa jeshi wakaasi, wanapinga kupunguzwa. Serikali ikasimama imara, na waziri wa ulinzi, Richard Mulcahy, akalazimika kujiuzulu pamoja na kwamba uasi ulizimwa. Somo likawa moja: jeshi lipo chini ya bunge, hata kama jeshi hilo ndilo lililokuokoa jana. Polisi wao wa kawaida walianza kazi bila bunduki, katikati ya nchi iliyojaa bunduki.

Julai 1927 O'Higgins naye akauawa kwa risasi akienda kanisani. Hapo serikali yoyote ya kwetu ingefunga kazi, chama kimoja hadi kiama. Wao walitunga sheria kali za usalama, ndiyo, lakini pamoja nazo wakatunga sheria ya kuwalazimisha wagombea waahidi kwamba wakichaguliwa wataingia bungeni. Kwa maneno mengine, walimsukuma adui aingie ndani badala ya kumfungia nje. Agosti 1927 de Valera na chama chake kipya, Fianna Fáil, wakala kile kiapo walichokipigania vita, wakaita ni maneno matupu, wakaketi.

Kisha ikaja 1932. Uchaguzi wa Februari Fianna Fáil wakapata viti 72, chama cha Cosgrave 57. Minong'ono ilikuwa mingi. Mkuu wa polisi, Eoin O'Duffy, alikuwa anapima upepo kama inawezekana kuzuia. Baadhi ya wabunge wa de Valera inasemekana waliingia bungeni tarehe 9 Machi na bastola mifukoni, maana hawakuamini kwamba watu waliowapiga risasi ndugu zao watawaachia serikali kwa sababu ya karatasi za kura.

Cosgrave aliondoka. Alikabidhi nchi, jeshi na funguo za jela kwa watu aliokuwa amewafunga yeye mwenyewe miaka tisa nyuma. Alikwenda kukaa viti vya upinzani.

Na de Valera naye hakufagia ofisi. Watumishi wa umma aliwakuta akawaacha. Katibu mkuu wa hazina, J. J. McElligott, aliyepewa kazi na serikali ya Cosgrave mwaka 1927, alibaki hapo hadi 1953. Kiapo kwa mfalme kilifutwa 1933, kwa kura bungeni. Katiba mpya ilipigiwa kura na wananchi Julai 1937. Halafu mwaka 1948, baada ya miaka 16 madarakani, de Valera naye akashindwa, na yeye akaondoka. Akarudi 1951, akashindwa 1954, akarudi 1957. Kilichonifurahisha zaidi ni cha mwaka 1959: siku moja ile ile aliyochaguliwa kuwa rais wa nchi, wananchi walikataa pendekezo lake la kubadili mfumo wa uchaguzi ili uwapendelee vyama vikubwa. Walimpenda yeye, wakamnyima rungu.

SASA SISI

Uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Uchaguzi wa rais Novemba 1962, Mwalimu Nyerere alipambana na Zuberi Mtemvu wa ANC, na Mtemvu akapata chini ya asilimia 2 ya kura. Naomba mtu yeyote anijibu bila hasira: tishio lilikuwa wapi? Cosgrave alikuwa na adui mwenye bunduki na karibu theluthi moja ya nchi nyuma yake. Sisi tulikuwa na Mtemvu. Na bado sheria ya kizuizini ilikwishapita kabla hata ya uchaguzi huo.

Christopher Kasanga Tumbo alikuwa balozi wetu hapa London. Aliacha ubalozi mwaka 1962, akarudi kuanzisha chama cha upinzani, akaishia kizuizini. Halafu Januari 1964 wanajeshi wa Colito wakaasi, kama wale wa Ireland 1924. Mwalimu akalazimika kuwaomba Waingereza waje kuzima. Sasa linganisheni masomo yaliyotoka. Kule, jeshi likawekwa chini ya bunge. Kwetu, jeshi likavunjwa, likaundwa jipya Septemba 1964, na wanajeshi wakakaribishwa ndani ya chama. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa katika purukushani hiyo hiyo, na vyama vyao vikabadilishwa kuwa kimoja cha serikali, NUTA. Uasi mmoja, dawa mbili. Sisi wauguzi tunajua: ugonjwa ukipewa dawa isiyo yake, mgonjwa anaweza kutulia leo akazidiwa kesho.

Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyeijaza TANU akina mama wakati wanaume wengine wanaogopa kuonekana, alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini ya 1970 na 1971, akaachiwa 1972. Oscar Kambona, katibu mkuu wa kwanza mwenye sauti kuliko wote, aliondoka Julai 1967 na kuishi ukimbizini mji huu huu tunaopanda mabasi yake. Alirudi nyumbani 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, na mwaka 1997 akafia hapa London.

Majirani hawana la kutucheka. Kenya, KPU ya Oginga Odinga ilizaliwa 1966 ikapigwa marufuku Oktoba 1969, na mzee akatiwa kizuizini. Wakenya walisubiri hadi Desemba 2002 kuona chama tawala kikishindwa na kuondoka: miaka 39, Ireland waliweza ndani ya kumi. Uganda tangu Oktoba 1962 haijaona rais aliyeshindwa kwa kura akimkabidhi aliyemshinda. Zanzibar, Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura ikaambulia viti 13 kati ya 31. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja mapinduzi, na uchaguzi mwingine ulisubiriwa mpaka 1980. Mwingereza aliyeugawa ule mji wa viti alishapanda meli.

NAJUA MTAKACHOSEMA

Wa kwanza atasema: Wairishi walikuwa wamesoma, walikuwa na mazoea ya bunge la Uingereza miaka mingi. Kweli kabisa, na sitaipunguza. Tanganyika ilipata uhuru na wahitimu wa chuo kikuu wa kuhesabika. Lakini hoja hii inaeleza kwa nini kazi ilikuwa ngumu. Haielezi kwa nini tulibomoa hata kile kidogo kilichokuwepo. Mwananchi wa Tanganyika wa 1962 asiyejua kusoma alijua kumkataa mtu. Chaguzi za ndani ya chama kuanzia 1965 zilimwaga mawaziri, akiwemo Bibi Titi mwenyewe. Mpiga kura alikuwa yupo tayari. Waliokuwa hawajawa tayari ni wapigiwa kura.

Wa pili atasema: makabila, umoja wa kitaifa. Mwalimu alijenga taifa, na mimi ni mtoto wa taifa hilo. Lakini Kenya na Uganda nao waliua upinzani kwa jina la umoja huo huo, umoja wao uko wapi? Umoja wetu ulijengwa na Kiswahili, na shule, na watu kuhamishwa kikazi toka Bukoba kwenda Mtwara. Haukujengwa na jela.

Wa tatu atasema: Mwalimu aling'atuka mwenyewe 1985. Aling'atuka, na Afrika ya wakati huo hilo ni jambo kubwa. Ila aliacha urais akabaki mwenyekiti wa chama hadi 1990, na aliyempokea alitoka chumba kile kile. Kung'atuka ni hisani ya mtu mwema. Kuondolewa kwa kura ni haki ya mwananchi. Hisani haina mrithi, ndiyo maana leo tunahangaika kumtafuta Nyerere mwingine badala ya kutafuta utaratibu.

Wa nne, na huyu namheshimu, atasema: Ireland yenyewe si pepo. Sawa sawa, na mimi kama mwanamke na muuguzi nitamsaidia. Waliwapigania wanawake kisha wakawarudisha jikoni: Constance Markievicz alikuwa waziri 1919, na mwanamke wa pili kuingia baraza la mawaziri alipatikana 1979. Mwaka 1924 serikali ya Cosgrave ilikata shilingi moja kwenye pensheni ya wazee, wakati ilikuwa shilingi kumi tu. Mwaka 1951 waziri wa afya Noël Browne alitaka mama na mtoto watibiwe bure, maaskofu na madaktari wakampinga hadi akajiuzulu. Hapo Mwalimu anawashinda wazi: zahanati zake vijijini ziliwafikia akina mama ambao hakuna askofu wala mkoloni aliyewahi kuwafikiria. Na uchumi wao uliwashinda; miaka ya 1950 watu kama 400,000 walihama, wengi wakaja kujenga barabara za hapa na kujaza hospitali za NHS. Wale ndiyo wazee tunaowauguza sasa. Nao waliitwa kila jina, kama sisi tunavyoambiwa tukabebe maboksi.

Lakini angalieni tofauti. Mwirishi aliyehama 1955 aliikimbia njaa. Hakuikimbia serikali yake kwa kuogopa kuokotwa mtaroni. Na serikali iliyomtia njaa iliondolewa, ikajaribiwa nyingine, ikaondolewa nayo, hadi wakaanza kupata dawa. Mfumo unaoruhusu kumfukuza daktari mbovu hauhakikishi utapona kesho, ila unakupa nafasi ya kumpata mwingine ungali hai.

VYAELEA, VIMEUNDWA

Msidhani Cosgrave alikuwa malaika. Aliyewapiga risasi wafungwa bila kesi hawezi kuwa malaika. Aliondoka kwa sababu kulikuwa na mambo yaliyofanya kuondoka kuwezekane. Mfumo wa kura wa uwiano ulihakikisha anayeshindwa hafutiki, anabaki na viti vyake na heshima yake. Jeshi halikuwa la chama. Ofisi za umma hazikuwa zawadi ya mshindi. Na aliyeshinda hakulipiza. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa rudini kwetu mtazame miundo. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 41, inazuia mahakama kuhoji matokeo ya urais yakishatangazwa. Tume ya Jaji Nyalali mwaka 1991 iliorodhesha sheria 40 kandamizi. Vyama vingi vikaruhusiwa 1992, na nyingi ya sheria hizo tukazeeka nazo. Rasimu ya Jaji Warioba ilichakachuliwa 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Wairishi katiba yao walipigiwa kura mwaka wa 15 wa uhuru. Sisi hatujawahi kuulizwa hata mara moja.

Matokeo yake tumeyaona. Aprili 2025 Tundu Lissu akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, shtaka lile lile la Bibi Titi. CHADEMA ikaenguliwa. Tarehe 29 Oktoba 2025 watu wakaingia barabarani, intaneti ikazimwa, vijana wakauawa kwa risasi, na mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Kiapo kikaliwa kwenye viwanja vya jeshi Dodoma. Sisi huku tulishinda na simu mikononi zisizopokelewa, zamu zinaingia na kutoka, hujui kama mdogo wako yuko nyumbani au mochwari.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Asilimia 97 ya 2025 haikudondoka toka mbinguni. Ililelewa tangu 1962, tulipokubali kwamba mwenye asilimia 98 ana haki ya kumfunga mwenye 2. Tulimsamehe kwa sababu alikuwa mtu mwema. Sheria ikabaki, mtu mwema akaondoka, na kisu kikahamia mikono mingine.

Kwa hiyo nadai mambo manne, wala si mageni. Matokeo ya urais yaweze kupelekwa mahakamani. Viti vya bunge vigawanywe kwa uwiano wa kura, ili asilimia 30 isiwe sawa na sifuri. Jeshi na polisi wakae mbali na chama chochote. Katiba mpya iandikwe na ipigiwe kura na wananchi wote, tulioko huku tukiwemo.

Na tafadhali, yeyote atakayenijibu anijibu kwa hoja, asinijibu kwa uchanga. Nchi yenye zaidi ya miaka 60 si changa. Kama bado inatambaa, tuulizane ni nani aliyeifunga miguu.

Nawasilisha.